Mtaji wa Fundi Baridi

Jina la Kilo hakupewa na wazazi wake, alipewa na wateja. Mtu akiingia buchani akaomba robo ya nyama, mwenye bucha alimtazama kwa huruma kama daktari amtazamavyo mgonjwa asiyejijua, akamuuliza nyumbani wako wangapi, na kabla mteja hajamaliza kuwataja watu wake, kilo nzima ilikuwa imeshapimwa na kufungwa. Watu walitoka wakilalamika na kucheka kwa pamoja. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa, sauti kubwa na kicheko kikubwa, na katika kupatana bei hakuna aliyewahi kumweza, si sokoni wala mnadani kwenye ng'ombe.

Raha yake ilitiwa doa na mtu mmoja tu.

Mkewe, Mama Chiriku, alikuwa ameolewa mara moja kabla yake. Yeye na mume wa kwanza waliachana bila kesi wala kelele, akaja kwa Kilo na binti mdogo ambaye kila mtu alimwita Chiriku, kwa sababu tangu anafumbua macho asubuhi hadi usingizi unamkamata, mdomo haukupumzika. Kilo hakujaliwa mtoto wa kumzaa. Huyu alimpenda hadi akawa anamwachia kuchezea mizani, jambo ambalo asingelivumilia kwa mtu mwingine yeyote. Mtoto alimwita Baba Kilo. Baba peke yake, bila Kilo, alikuwa yule mwingine.

Yule mwingine alikuwa fundi wa friji, akiishi upande wa pili wa soko. Watu walimwita Fundi Baridi, nusu kwa kazi yake na nusu kwa tabia yake, maana hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Jumamosi Chiriku alikwenda kushinda naye, jioni akarudishwa. Wanaume hao wawili wakikutana mlangoni walisalimiana kama watu waliopanga foleni benki. "Habari." "Salama." Basi, kila mmoja na njia yake. Kilichomuudhi Kilo zaidi ni kwamba mtu akiita sokoni, "Baba Chiriku!" waligeuka wote wawili.

Mambo yalibadilika asubuhi moja ya mwisho wa mwezi. Kilo alikuwa amejaza nyama kwa ajili ya wikiendi, nyingine akiwa ameichukua kwa maneno matamu tu kutoka kwa muuza ng'ombe. Alipofungua friza, badala ya baridi akapulizwa usoni na hewa ya uvuguvugu. Akaifunga. Akaifungua tena, labda ilikuwa inamtania. Ilikuwa haitanii.

Akampigia fundi wa kampuni aliyezoea kumwita, akaambiwa yuko safarini. Akamwita mwingine wa jirani, huyo akaja, akaipiga friza teke dogo kama anayeamsha mlevi, akasema kompresa imekufa, nunua mpya. Akataja na bei. Kilo akatafuta pa kuegemea.

Mama Chiriku alikuwa kwenye gogo akikatakata mbavu za mteja. Hakuinua kichwa.

"Yupo mtu anayeweza kuitazama."

"Nani?"

"Unamjua."

Damu ikampanda Kilo. "Heri nyama ioze."

"Basi ioze," mkewe akasema, akaendelea kukata. "Ila nakwambia mapema, mimi simpigii. Ukimhitaji, mpigie mwenyewe. Namba unayo, si ndiyo unayompigia mtoto akichelewa kurudi?"

Kilo akaizunguka friza, mikono nyuma. Mlangoni nzi walikuwa wameanza kufika, kama waliopelekewa taarifa. Akawatazama nzi, akaitazama simu. Mwisho akatoka nje ili mkewe asimsikie, akapiga.

Fundi Baridi alikuja kwa miguu, begani ana mkoba mdogo wa turubai. Alisalimia, akaomba maji akanawa mikono, ndipo akaisogelea friza. Hakuipiga teke. Aliweka kiganja nyuma yake, kwenye kompresa, akatulia kama anayepima homa ya mtoto.

"Ilianza kuunguruma lini?"

"Haijawahi kuunguruma," Kilo akajibu.

"Tangu wiki iliyopita," Mama Chiriku akasema kutoka kwenye gogo. "Inaunguruma, inanyamaza, inaunguruma tena."

Baridi akaitikia kwa kichwa. Akafungua kifuniko cha nyuma, akamulika ndani, akachomoa feni iliyofunikwa na mafuta na vumbi hadi mapanga yake hayakuonekana. Kisha akakoroga sabuni kwenye kikombe, akaipaka povu kwenye maungio ya bomba la shaba, moja baada ya jingine, akisubiri. Kwenye ungio la mwisho, kipovu kidogo kikavimba, kikapasuka, kikavimba tena.

"Kompresa haijafa," akasema. "Imechoka. Gesi inavuja hapa, na feni imeziba, kwa hiyo imekuwa ikihangaika peke yake. Nikiziba hapa, nikaivuta hewa, nikatia gesi mpya, itapona. Nipe muda kidogo nikakodi vifaa."

"Ukakodi?" Kilo akashangaa. "Fundi gani huna vifaa?"

Mama Chiriku akaliacha panga lake hewani. Baridi hakukasirika. Alieleza kama anayeeleza njia ya kwenda posta: kampuni aliyokuwa akifanyia kazi ilipunguza watu, na vifaa vilikuwa vya kampuni. Sasa akipata kazi hukodi pampu, geji na tochi ya kuchomelea kwenye duka moja ng'ambo ya mji. Mwenye duka huchukua nusu ya malipo. Vifaa vikiwa vimetoka na mtu mwingine, yeye husubiri.

Akaondoka. Kilo akahamishia nyama kwenye masanduku ya barafu aliyoazima kwa muuza samaki, akilowa jasho na kunung'unika. Muda ukapita. Akapiga simu kuuliza amefika wapi, ikapokelewa na sauti asiyoijua.

"Fundi wako ameondoka sasa hivi," ile sauti ikasema. "Simu ameiacha kwangu rehani mpaka arudishe pampu."

Kilo alibaki ameishika simu sikioni hata baada ya mtu huyo kukata.

Baridi alirudi ameibeba pampu begani, shati limemganda mgongoni. Hakusema neno kuhusu simu, wala Kilo hakuuliza. Alianza kazi, na Kilo, ambaye alikuwa amepanga kwenda kusimama mlangoni na kujifanya ana shughuli, akajikuta amesimama palepale. Moto wa tochi ulikuwa mdogo, wa bluu, na mkono ulioushika haukutetemeka hata chembe. Risasi ya kuchomelea ilipoyeyuka ilizunguka bomba yenyewe, kama imeambiwa pa kwenda. Ungio lilipopoa lilikuwa limeviringika vizuri kama pete. Kilo amekata nyama tangu akiwa kijana, na mkono unaojua kazi haumpiti.

Kisha pampu ikawashwa, ikaanza kuvuta hewa, na mshale wa geji ukawa unashuka taratibu. Baridi akachuchumaa akiutazama. Kilo akachoka kusubiri.

"Si utie gesi bwana! Nyama yangu inalia huko."

"Bado. Kuna unyevu ndani. Nikitia sasa itapoza leo, itapoza kesho, halafu mwezi ujao utaniita mwongo."

Akasubiri hadi aliporidhika yeye. Alipotia gesi na kuiwasha, friza ilitoa sauti ndogo, nzito, ya kushiba. Baadaye Kilo akaingiza mkono, akautoa haraka, akacheka kwa sauti hadi wapita njia wakageuka. Baridi alikuwa ameshapiga magoti anafuta sakafu mahali alipomwaga sabuni.

"Haya, fundi. Ngapi?"

"Nilipe ya gesi na ya kukodi vifaa. Ya mikono iache."

"Niiache kwa nini?"

"Mwanangu anakula hapa," Baridi akasema. Hakulisema kwa kijembe. Alilisema kama mtu anayetaja siku ya leo, akabeba pampu yake kwenda kukomboa simu.

Wiki ile Kilo hakuwa na raha. Deni la pesa angelilipa akasahau. Hili lilimkaa kooni kama mfupa. Mchana mmoja, bucha ikiwa tupu, akavunja ukimya.

"Yule mtu ni fundi."

"Najua," mkewe akasema.

"Fundi hasa. Sasa mbona hana mbele wala nyuma?"

Mama Chiriku alifuta mikono. Katika ndoa yao hawakuwa wamewahi kumzungumza mtu huyo kwa urefu. "Hajui kudai," akasema. "Miaka yote niliyokaa naye, sikuona friji aliyotengeneza ikarudi. Na sikuona mwezi tukaumaliza bila kukopa unga. Mtu akimwambia sina, anampa pole. Akiambiwa wiki ijayo, anaamini. Mimi sikumkimbia kwa ubaya, yule. Wema wake ndio uliokuwa unatumaliza mimi na mtoto."

"Asijaribu mkopo?"

Chiriku alikuwa chini ya meza akichezea mawe ya mizani, na hakuna aliyekuwa na habari kwamba anasikiliza. "Alijaribu! Alikwenda ofisi ya mikopo, akavaa lile shati la kola, wakamwambia alete hesabu za biashara za mwaka mzima, akawaambia biashara yenyewe ndiyo nataka kuianza, wakamwambia basi aende akaianze halafu arudi, akawaambia ningekuwa na cha kuanzia nisingekuja, wakacheka, na baba naye akacheka, akanunua njugu tukala njiani."



Mwezi ule zamu ya kupokea fedha za mchezo wa upatu wa wafanyabiashara wa soko ilikuwa inamfikia Kilo. Alishatangaza mtaa mzima kwamba atanunua msumeno wa umeme wa kukatia mifupa, ule unaong'aa, na kwamba shoka lake atalitundika ukutani liwe kumbukumbu. Sasa msumeno ukaanza kumtoka moyoni. Akamwambia mkewe anavyofikiria: pampu, geji, tochi, mitungi, vyote vipya, vya Fundi Baridi.

Mama Chiriku alimtazama sana. "Unataka kumsaidia, au unataka kumnunua?"

"Kumnunua vipi?"

"Unajua vipi. Ili akikutana nawe njiani ainamishe kichwa. Kama ni hivyo, muache alivyo. Shida alizonazo zinamtosha."

Lilikuwa swali la haki, na Kilo ndani yake alijua kwamba kipande kidogo cha moyo wake kilikuwa kinataka hasa hicho. Alikaa nalo hadi walipofunga bucha. Wakiwa wanashusha mlango ndipo akajibu.

"Sitaki yule bwana aweke simu yake rehani tena kwa ajili ya kazi. Imeniuma. Sina maneno mengine."

"Hayo yanatosha," mkewe akasema, akakaza kufuli.

Baridi alikuwa amepanga chumba kimoja ndani ya nyumba yenye vyumba vingi na ukumbi mrefu wa giza. Kilo alimkuta mlangoni anatengeneza feni ya jirani. Kigoda alichopewa kililia chini ya uzito wake. Alizunguka kidogo na habari za jua na bei za ng'ombe, kisha akalitoa lote kwa mkupuo.

Baridi alisikiliza hadi mwisho, bisibisi mkononi. "Ahsante, Bwana Kilo. Lakini siwezi. Watu watasema unanilipa kwa ajili ya Mama Chiriku."

"Kwa bei hii?" Kilo akaruka. "Akisikia atatuchinja wote wawili!"

Ilikuwa mara ya kwanza wawili hao kucheka pamoja, na walicheka hadi jirani akatoa kichwa kuuliza feni yake imefanya nini. Baridi alipotulia, akafikiri kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akiutazama mshale wa geji.

"Zawadi siitaki," akasema. "Mkopo nauogopa, maana nikishindwa nitakukwepa, na mwanangu yuko kwako. Tufanye hivi. Nunua vifaa, viwe vyako. Mimi nitavikodi kwako kama ninavyokodi kule. Kila Jumamosi nikimrudisha mtoto, nakuletea kodi. Siku kodi zikifika bei uliyonunulia, vinakuwa vyangu."

"Na faida yangu?" Kilo akauliza. Mdomo ulikuwa umeshazoea, uliuliza wenyewe, na mara moja akatamani kuurudisha ndani.

"Friza yako nitaitunza maisha yako yote."

Wakapeana mikono.

Siku ya kununua walikwenda pamoja. Kilo aliipenda pampu iliyokuwa mbele dukani, nyekundu, inang'aa. Baridi aliiwasha, akasikiliza, akaizima. Akaenda pembeni, akavuta nyingine ya kijivu, nzito, imejaa vumbi, akaiwasha, na uso wake ukalegea. "Hii." Hapo zamu ya Kilo ikaanza. Alimsifu mwenye duka, akamsikitikia, akaondoka, akarudi, akaiita pampu kizee, akauliza kama vumbi nalo linauzwa, akamwonyesha Baridi kama ushahidi wa jinsi mafundi walivyokonda mjini. Bei ikawa inashuka kila alipovuta pumzi. Baridi alisimama ameduwaa, mdomo wazi, akimtazama Kilo kama vile Kilo alivyomtazama yeye mbele ya moto wa bluu. Wakati wanatoka na vifaa vyote kwenye mkokoteni, mwenye duka aliwasindikiza akijifuta jasho, na juu ya yote ametoa mpira wa gesi bure.

"Umejifunza wapi hayo?" Baridi akauliza njiani.

"Hayafundishwi," Kilo akasema, kifua mbele.

Ikaja kuonekana kwamba ingebidi yafundishwe.

Kazi zilikuja kwa wingi. Baridi alipata kibanda cha mabati karibu na soko, na tangu asubuhi pampu ya kijivu ilikuwa inanguruma. Jumamosi ya kwanza akaleta kodi. Ya pili akaleta pungufu. Ya tatu akamleta mtoto tu, akasimama mlangoni amemshika mkono, akasema ukweli bila kuupamba: mwenye baa amesema wiki ijayo, mwenye duka la dawa amesema mwisho wa mwezi, na mama wa maziwa analia, amefiwa.

Mtaani maneno yalikuwa yameshafika. Kinyozi wa jirani alikuwa wa kwanza. "Kilo, siku hizi unalisha na mume mwenzako?" Wateja wakaangua kicheko. Kilo akacheka nao, lakini uso ulikuwa umemshuka, na mchana ule akavua aproni akaenda kibandani na hasira zake zote, akipanga maneno njiani.

Hayakutoka. Alimkuta Baridi amevipanga vifaa vyote kwenye turubai safi. Pampu imefutwa na kutiwa oili mpya, mipira imeviringishwa, geji ziko ndani ya maboksi yake ya dukani. "Nilikuwa nakuja kwako," Baridi akasema. "Nimevunja makubaliano. Vichukue uviuze kabla havijachakaa. Havina hata mkwaruzo."

Ni kweli, havikuwa na mkwaruzo. Kilo alivitazama, akamtazama aliyevitunza, na hasira ikamwisha yote, asijue imepitia wapi. Akakaa juu ya friji mbovu. "Ningekuwa na mikono kama yako," akasema, "mji huu ungenikoma. Inuka, twende kwa mwenye dawa ya ugonjwa wako."

Mwenye dawa alikuwa Mama Chiriku. Alisikiliza shauri lote huku anapanga maini kwenye sinia, akatoa hukumu. Kuanzia sasa hakuna kifuniko kitakachofunguliwa kabla bei haijatajwa na nusu haijalipwa. Na bei ataitaja fundi mwenyewe, kwa mdomo wake. "Mimi nilijaribu kumsemea miaka ile," akamwambia Kilo, "nikachoka, naye hakujifunza. Safari hii ajisemee. Tuanze. Wewe ni mwenye baa."

Kilo akainuka, akatoa tumbo. "Fundi wangu! Friji imeniharibikia, na hali yangu unaiona, biashara ngumu, mtoto anaumwa..."

"Pole sana," Baridi akasema.

"Siyo pole!" Mama Chiriku akapiga gogo. "Bei!"

"Bei... tutaelewana tu."

"Hamtaelewana! Tena!"

Chiriku alikuwa anagaagaa sakafuni kwa kicheko. Walirudia hadi mteja mmoja aliyekuja kununua mifupa akaingizwa na yeye, akafanywa mwenye hoteli, na akasahau mifupa. Baridi alitokwa jasho kuliko siku ile ya pampu begani. Mwisho alifumba macho akalitamka, bei kamili, bila pole na bila tutaelewana. Bucha nzima ikampigia makofi.

Madeni ya nyuma Mama Chiriku aliyachukua yeye, mara moja tu, alisema, na asizoeshwe. Kwa mwenye baa alikwenda wakati kumejaa. Akasimama kaunta, akaagiza soda, akaishika, akauliza kwa sauti ya kumfikia kila mtu, "Hii imepoa vizuri sana. Nani amekupoezea?" Mwenye baa alimtambua, akageuka huku na huku, akafungua droo akalipa, na soda akasema ni zawadi.

Kisha ikaja kazi kubwa. Mwanamama mmoja mwenye kiwanda kidogo cha mtindi alikuwa na chumba cha baridi kilichosumbua mafundi wote, akataka kuonana na Fundi Baridi. Kilo akajitolea kumsindikiza. Baridi akakataa. "Nikienda na wewe, utaongea wewe."

Asubuhi ile yote Kilo alipima nyama vibaya. Aliwapa watu zaidi, aliwapa pungufu, mara akamuuzia mtu robo bila hata kumbembeleza, na mkewe akamnyang'anya mizani. Mchana Baridi akatokea kwenye kona anatembea haraka, yeye ambaye hajawahi kufanya haraka.

"Nimesema," akasema, anahema.

"Umesema ngapi?"

Baridi akainama akamnong'oneza. Ilikuwa bei ambayo Kilo mwenyewe, na mdomo wake wote, angeitaja huku ameangalia pembeni.

"Akasemaje?"

"Akaniuliza kwa nini juu hivyo. Nikamwambia kwa sababu hutaniita tena mwaka huu. Akanitazama. Nikataka kusema pole, nikajizuia. Akasema nianze kesho, na nusu hii hapa."

Kilo alimkumbatia, aproni na damu yake na kila kitu, hata shati la kola la Baridi likawa halitamaniki. Kinyozi alitoka na mkasi wake kutazama, akarudi ndani.

Kodi za Jumamosi hazikukatika tena. Baridi hakugeuka kuwa mkali. Mama wa maziwa alipoharibikiwa friji mara nyingine, alimtajia bei kamili kwanza, wazi, kisha akamwambia, "Hii leo nimekusamehe," ili ajue amepewa nini. Kilo aliisikia habari hiyo kwa watu, akairudia kwa kila mteja kama vile yeye ndiye aliyesamehe. Msumeno wa umeme haukununuliwa mwaka ule. Alipotaniwa, alisema shoka linamfanyisha mazoezi.

Siku kodi zilipofika bei, hawakufanya sherehe. Baridi aliweka ya mwisho mezani, Kilo akasema, "Basi, pampu ni yako," Baridi akasema, "Ahsante," wakakaa kama watu waliomaliza kubeba kitu kizito. Halafu Baridi akaeleza alichokuwa amekipanga. Amepata nyumba ndogo, mbele karakana, nyuma vyumba viwili. Kimoja ameshaweka kitanda kidogo na pazia. Kama mama yake ataridhia, Chiriku aje akae naye likizo za shule, badala ya kushinda tu na kurudi.

Mama Chiriku aliridhia papo hapo. Kilo naye alisema ni jambo jema sana, akalisema kwa sauti kubwa, akaingia nyuma kupanga nyama iliyokuwa imeshapangwa.

Likizo ilipofika, nyumba ikawa kimya. Kilo hakuwa amejua kimya kina sauti. Alikula haraka, alikosa la kufanya, aliuliza swali na hakuna aliyejibu kwa hadithi ndefu. Siku ya pili mkewe akamwona anazungukazunguka sebuleni.

"Nani alimnunulia vifaa?" akamuuliza.

"Usianze."

"Sianzi. Nauliza tu."

Kilo akacheka, lakini kicheko kiliishia katikati. Mama Chiriku akaja akakaa karibu naye. "Ulifanya jambo ambalo wanaume wengi wasingelifanya," akasema. "Nilikuwa sijakwambia."

Asubuhi yake Kilo akafunga nyama nzuri ya mnofu, akasema anaipeleka karakana kwa sababu iko njiani. Haikuwa njiani hata kidogo. Alisikia sauti kabla hajafika mlangoni. Chiriku alikuwa juu ya boksi, miguu inaning'inia, anasimulia jambo lisilo na mwanzo wala mwisho, na Fundi Baridi ameinamia bomba la shaba, moto wa bluu mkononi, anaitikia "ehe" na "enhe" mahali panapostahili. Mtoto akageuka.

"Baba Kilo! Njoo nikwambie, maana baba nimeshamwambia mara mbili!"

Baridi akazima tochi, akavuta kigoda kipya, kipana, cha mbao nzito, akakifuta kwa kiganja. Kilo akakaa, nyama mapajani, na hadithi ikaanza upya tangu mwanzo.